Watoto Mahabusu: Haki ya Washtakiwa Wadogo Baada ya Mauaji ya Kimbari nchini Rwanda

Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi wa Rwanda, yaliyoanza Aprili 1994 na kukomeshwa Julai ya mwaka huohuo, yalitendwa na askari, wanamgambo na raia wa kawaida kwa pamoja, na miongoni mwa raia hao walikuwamo watoto. Baadhi yao waliua, wengine walifichua mahali walipojificha majirani zao au walibeba mali iliyoporwa, na wengi walitenda hayo wakiwa wameongozana na watu wazima ambao malezi yao yote yaliwafundisha kuwatii. Waathirika walikuwa na haki kamili ya kudai kwamba makosa hayo yasifutwe kwa kisingizio cha utoto. Lakini mtoto aliyetuhumiwa naye alikuwa na haki zake, na historia ya miaka iliyofuata ni historia ya jinsi haki hizo zilivyobaki katika maandishi huku muda ukizila.

Kwa upande wa sheria, Rwanda haikuanza mikono mitupu. Kanuni ya Adhabu ya mwaka 1977 ilikuwa imeweka umri wa kuwajibika kijinai, yaani umri ambao chini yake mtu hawezi kushtakiwa kwa kosa la jinai, kuwa miaka 14, na ilielekeza kwamba mwenye umri kati ya miaka 14 na 18 wakati wa kutenda kosa apewe adhabu iliyopunguzwa, kiasi kwamba pale ambapo mtu mzima angehukumiwa kifo au kifungo cha maisha, kijana angefungwa kati ya miaka 10 na 20. Aidha, mwaka 1991 nchi iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao unataka mtoto azuiliwe pale tu njia nyingine zinaposhindikana na kwa muda mfupi iwezekanavyo, atengwe na wafungwa watu wazima, aelezwe upesi tuhuma zinazomkabili, apate msaada wa kisheria, asilazimishwe kukiri, na kesi yake iamuliwe bila kuchelewa.

Kilichokosekana ni watu wa kuitekeleza sheria hiyo. Mahakimu, waendesha mashtaka na wapelelezi wengi walikuwa wameuawa au wamekimbilia nje ya nchi, majengo ya mahakama yalikuwa yameporwa, na chama cha mawakili kilipata sheria yake mwaka 1997 tu. Wakati huohuo watu walikamatwa kwa maelfu, mara nyingi kwa shutuma za mdomo zisizo na jalada, hata idadi ya mahabusu, yaani watu wanaozuiliwa wakisubiri kesi, ikapita 100,000 kabla ya muongo kwisha. Gereza la Gitarama, lililojengwa kwa ajili ya mamia, lilisheheni maelfu mwaka 1995, na watu walikufa humo kwa msongamano na maradhi. Katika hali hiyo, vijana walilala pamoja na watu wazima, pengine pamoja na walewale waliowaongoza kutenda uhalifu. Serikali, ikisaidiwa na mashirika ya kimataifa, iliwahamishia baadhi ya waliokuwa chini ya miaka 14 wakati wa mauaji katika kituo cha marekebisho cha Gitagata, hatua iliyostahili sifa. Hata hivyo, kuthibitisha umri kulihitaji kumbukumbu za kuzaliwa, ambazo katika sehemu nyingi zilikuwa zimepotea, na tofauti ya miezi michache ndiyo iliyoamua nani aachiwe na nani abaki.

Sheria maalumu ya tarehe 30 Agosti 1996, iliyowapanga watuhumiwa katika makundi manne kulingana na uzito wa matendo yao, ilitambua haki ya kuwa na wakili wa kuchagua lakini ikatamka kwamba serikali haitamlipia mtu gharama hiyo. Kwa mtoto yatima au mwana wa mkulima maskini, haki ya namna hiyo ilikuwa karibu sawa na kutokuwa nayo, ijapokuwa baadhi ya washtakiwa walitetewa na mawakili waliotumwa na shirika la Mawakili Wasio na Mipaka. Sheria hiyohiyo ilimpunguzia adhabu mshtakiwa aliyekiri kosa na kuwataja washirika wake. Kwa mtu mzima hilo lilikuwa chaguo zito. Kwa kijana ambaye washirika wake waweza kuwa baba, kaka au jirani aliyelala naye chumba kimoja gerezani, kuliamua jambo hilo bila wakili kulikuwa mzigo ambao hakuna mahakama ya watoto ingekubali kuupuuza.

Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyoundwa na Umoja wa Mataifa Novemba 1994 na kuweka makao yake Arusha, Tanzania, haikulitatua suala hilo, kwa kuwa ilielekeza nguvu zake kwa viongozi, na watoto wakaachiwa mahakama za nchi yao.

Januari 2003 tamko la Rais liliamuru kuachiwa kwa muda kwa makundi kadhaa ya mahabusu, wakiwamo waliokuwa na umri chini ya miaka 18 wakati wa kutenda makosa waliyoshutumiwa, na walioachiwa wakapitishwa katika kambi za mafunzo ya uraia, ziitwazo ingando, kabla ya kurudi vijijini. Aliyekuwa na miaka 14 mwaka 1994 alikuwa sasa na miaka 22 au 23, naye kama alikamatwa mapema, ujana wake wote ulikuwa umepita kizuizini kabla hakimu hajamsikiliza. Hapa ndipo palipo kosa kubwa kuliko yote: sheria ilihesabu umri wa siku ya tendo na ikaendelea kumtambua kama mtoto, ilhali ucheleweshaji ulikwisha kumpa adhabu ambayo hakuna hukumu iliyoitamka.

Kuachiwa hakukufuta mashtaka. Kesi zao zilipelekwa katika gacaca, mabaraza ya vijijini yaliyoongozwa na watu waadilifu waliochaguliwa na wananchi, inyangamugayo, ambapo mawakili hawakuruhusiwa. Sheria ya gacaca ya mwaka 2004 iliendelea kuwapunguzia adhabu waliokuwa kati ya miaka 14 na 18, na ikakataza kuwashtaki waliokuwa chini ya miaka 14. Mabaraza hayo yalifungwa rasmi Juni 2012, mwaka ambao hata mdogo kuliko wote miongoni mwa walioweza kushtakiwa alikuwa amekwisha kupita umri wa miaka 30.