Oda Hewa

Tanzania tunalo neno “mfanyakazi hewa”: jina limo kwenye orodha ya mishahara, mtu mwenyewe hayupo. Napendekeza tuliazime hilo “hewa” tulipeleke kwenye viwanda vya chipu, kwa wale wanaopanga uwezo wa uzalishaji.

Mwaka 2020, corona ilipofunga miji, watengenezaji wa magari walifuta oda zao za chipu. Miezi michache baadaye wateja wa magari wakarudi, ila nafasi viwandani ilikwisha kuchukuliwa na kompyuta na simu. Hofu ikaanza kuandika oda. Mwenye haja ya chipu 1,000 aliagiza 2,000, akitumaini kupewa japo nusu; mwingine aliagiza 1,000 kwa wasambazaji wawili, apokee zitakazotangulia na kufuta za pili. Ziada hiyo ndiyo naiita “oda hewa”. Mwaka 2021 Mark Liu, mwenyekiti wa kampuni ya chipu ya TSMC ya Taiwan wakati huo, alisema waziwazi kwamba wamo watu katika mnyororo wa ugavi wanaorundika chipu.

Mpangaji afanyeje? Kiwanda kipya cha chipu za kisasa humeza zaidi ya dola bilioni 10, na tangu kuchimba msingi hadi chipu ya kwanza hupita miaka miwili, mitatu, hata zaidi. Akiamini oda zote, mashine zitawashwa soko likiwa limeshiba. Mwaka 2023 chipu za kumbukumbu zilijaa maghalani hadi Samsung ikatangaza kupunguza uzalishaji. Akizidharau oda hizo, magari yatasimama tena yakingoja chipu.

Wapo watakaosema “oda bandia”. Siafiki. Bandia ni kitu cha kughushi, na hapa mnunuzi yupo, sahihi ni yake. “Oda ya kujihami” inanivutia zaidi, maana inataja kinachomsukuma mnunuzi. Lakini istilahi ninayoitafuta ni ya mpangaji, naye haoni moyo wa mtu. Anaona tarakimu, asijue ipi inangojewa na gari na ipi haingojewi na chochote. Harufu ya wizi wa mishahara iliyoganda kwenye “hewa” itafifia kwa matumizi.

Kinyume cha oda hewa nakiita “oda isiyofutika”. Mwaka 2021 Microchip Technology ya Marekani iliahidi kipaumbele kwa wateja waliokubali oda za miezi 12 zisizofutwa wala kuahirishwa. Mkataba wa namna hiyo humfunga mnunuzi mwaka mmoja. Kiwanda kinachoanza kujengwa siku anayotia sahihi kitatoa chipu yake ya kwanza yeye akiwa huru zamani.