Dhahabu kwenye kipimo
Juzi mdogo wangu alirudi kutoka ushago Siaya akiwaka homa. Nesi akamdunga kidole, tukangoja kipimo cha malaria dakika 15. Mistari miwili, myekundu: anayo.

Wekundu ule kumbe ni dhahabu. Mwaka 1857 Michael Faraday alionyesha kuwa chembe za dhahabu zikiwa ndogo mno huonekana nyekundu. Mwaka 1971 Faulk na Taylor wakazivika kingamwili, wakisaka salmonela kwa hadubini ya elektroni.

Mimi ni wa Shauri Moyo, huamshwa na nyundo za Kamukunji. Metali najua huchomelewa. Protini hujibandika yenyewe: chaji zake huvutwa na chembe, salfa ya sistini ikang'ang'ania dhahabu. Upande mwingine hukamata protini ya kimelea.

Mgonjwa alimeza dawa kabla chai haijapoa.