Kutoka Lutindi hadi Chimwaga: taaluma iliyochelewa kumwona mtoto

Popote Tanzania, ukimwambia mtu kwamba anafaa kupelekwa Mirembe, huhitaji kufafanua. Jina la hospitali hiyo ya Dodoma limeingia kwenye utani wa vijiweni na matusi ya makondakta. Na katika utani huo wote mgonjwa ni mtu mzima: mwanamume mwenye nywele timtim anayeongea peke yake stendi, au mama aliyevua nguo sokoni. Mtoto wa miaka tisa ambaye hali wala hasemi tangu baba yake azikwe hayumo. Kwa sehemu kubwa ya karne iliyopita hakuwamo hata kwenye taaluma yenyewe.

Hilo linashangaza zaidi ukirudi mwanzo, kwa sababu huduma ya kwanza ya hospitali kwa wagonjwa wa akili katika nchi hii ilizaliwa ndani ya nyumba ya watoto. Mwishoni mwa miaka ya 1890, Waprotestanti wa Kijerumani walijenga kituo Lutindi, katika milima ya Usambara, sasa wilaya ya Korogwe, ili kuwalea watoto waliokombolewa utumwani. Biashara ya watumwa ilipofifia, majengo yakatafutiwa kazi nyingine, na mwaka 1904 wakaanza kupokelewa wagonjwa wa akili. Lutindi ipo hadi leo, chini ya Kanisa la Kilutheri.

Tuwafikirie kidogo wale watoto wa mwanzo. Walikuwa wametekwa, wameuzwa, wametembezwa na kutenganishwa na mama zao. Leo mwanafunzi wa uzamili angewaandikia tasnifu nzima. Wamisionari waliona roho za kuokoa na matumbo ya kulisha, na hakuna haja ya kuwabeza, kwani hata Ulaya wakati huo elimu ya akili ya mtoto ilikuwa haijapata kiti chake chuoni. Lakini ni ajabu ya historia kwamba nyumba ileile iliwatoa watoto ndipo ikawa hospitali ya akili.

Uwanda wa kati nao ulikuwa na majeraha yake. Kati ya 1917 na 1920 Ugogo ilipigwa na njaa ambayo wazee waliiita Mtunya. Majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, yalikuwa yamechukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo, na mvua nayo ikagoma. Mwanahistoria Gregory Maddox, aliyeichambua njaa hiyo mwaka 1990, anakadiria vifo vya watu takriban 30,000 katika eneo lililokuwa na watu 150,000. Familia zilitawanyika, wapo walioweka watoto rehani kwa wenye chakula. Kizazi kizima cha Wagogo kilipita utotoni ndani ya Mtunya, na hakuna aliyefungua faili la hata mmoja wao.

Faili zilianza kufunguliwa mwaka 1927, Mirembe ilipoanzishwa chini ya utawala wa Kiingereza. Dodoma ilikuwa na sifa iliyowavutia watawala: iko katikati ya nchi na reli inapita hapo. Mgonjwa angeweza kuletwa kutoka Kigoma, Tabora au Dar es Salaam kwa treni, chini ya ulinzi. Neno ulinzi lichukuliwe kwa uzito, maana chini ya sheria za wagonjwa wa akili katika makoloni ya Kiingereza hakimu na polisi walikuwa na sauti sawa na daktari, au zaidi. Aliyepelekwa alikuwa mtu aliyevuruga utulivu: amepiga, amechoma nyumba, amezurura mbele ya boma. Pembeni kuna Taasisi ya Isanga, ya wagonjwa wa akili waliotenda makosa ya jinai, na ujirani huo unaeleza mengi kuhusu mantiki ya mahali hapo.

Sasa mtoto humvurugia nani utulivu? Anayelowanisha kitanda akiwa na miaka kumi na miwili, anayetetemeka mwalimu akishika fimbo, anayekaa kando ya zizi bila kucheza na wenzake, huyo hamsumbui Bwana Shauri, ofisa wa wilaya wa kikoloni. Husumbua mama yake tu. Kwa hiyo alibaki nyumbani, akipewa dawa ya mganga, dua ya shehe au maombi ya mchungaji, na mara nyingine viboko. Sioni kama wakoloni walimbagua mtoto kwa makusudi. Mlango wa hospitali ulikuwa umepimwa kwa kimo cha mtu mzima mkorofi.

Na hapa kuna kinyume kinachochekesha na kukera kwa pamoja. Wataalamu wa akili wa zama hizo walipenda kumfananisha Mwafrika mzima na mtoto. J. C. Carothers, aliyeiongoza Hospitali ya Mathari jijini Nairobi, aliandika kitabu kilichochapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953 kuhusu akili ya Mwafrika. Humo alidai kwamba Mwafrika hufikiri kama Mzungu aliyefanyiwa upasuaji wa kukatwa mishipa ya sehemu ya mbele ya ubongo. Wanazuoni wamekwisha kuyatupa madai hayo kapuni. Lakini fikiria: walimwita mtu mzima mtoto, na mtoto halisi, aliyekuwa mlangoni pao, hawakumsoma.

Aliyemsoma, bila hata kukusudia, alikuwa daktari kijana kutoka Norway, Louise Aall, ambaye baadaye alijulikana kama Louise Jilek-Aall. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alifika Mahenge, kusini mwa Morogoro, akakuta wagonjwa wengi wa kifafa kuliko alivyotarajia. Walikuwa wametengwa. Mgonjwa akianguka motoni wenzake waliogopa kumgusa, kwa imani kwamba mate yake yanaambukiza. Wengi walikuwa watoto na vijana wenye makovu ya moto, wanaokula peke yao na kulala peke yao. Alifungua kliniki, akawapa fenobabitoni, dawa ya bei ndogo, na walioacha kuanguka wakaanza kurudi kwa watu. Mwaka 1965 alichapisha matokeo yake. Aliandika pia kuhusu watoto waliokuwa wakiinamisha vichwa kwa mfululizo kama wanaosinzia, dalili ambayo miongo kadhaa baadaye ilitikisa kaskazini mwa Uganda na Sudan Kusini. Wenyeji walimwita Mama Doctor. Yeye mwenyewe alikwenda kubobea katika magonjwa ya akili nchini Canada.

Mahenge si Dodoma, najua. Nimeitaja kwa sababu ni mahali pa mapema zaidi ninapopafahamu Tanzania ambapo mtu alichukua daftari na kuuliza ugonjwa wa ubongo humfanya nini mtoto katika maisha yake: anakula na nani, anacheza na nani, ataoa au hataoa. Hayo ndiyo maswali ambayo shahada ya afya ya akili ya watoto na vijana huyauliza leo.

Ulimwenguni taaluma ilikuwa imeanza kusimama. Leo Kanner alianzisha kliniki ya akili ya watoto katika hospitali ya Johns Hopkins, Marekani, mwaka 1930, akatoa kitabu cha kiada mwaka 1935, na mwaka 1943 akaeleza hali ambayo sisi sasa tunaiita usonji. Afrika Mashariki, Makerere ilipata idara ya magonjwa ya akili mwaka 1966, chini ya Profesa Allen German. Tanzania huru ilichagua njia ya kupunguza mzigo wa Mirembe: vitengo vikafunguliwa katika hospitali za mikoa, na mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani na Denmark, Kilimanjaro na Morogoro zikawa mikoa ya majaribio ya kuishusha huduma hadi zahanati. Mpango ule ulikuwa wa busara, na bado unatajwa. Hata hivyo zahanati ilipoletewa dawa za akili, aliyezitumia alikuwa mtu mzima yuleyule.

Sheria zilichelewa pia, lakini zilikuja karibu pamoja. Bunge lilitunga Sheria ya Afya ya Akili mwaka 2008 na Sheria ya Mtoto mwaka 2009. Katikati ya hizo mbili kukafanyika jambo kubwa zaidi kuliko sheria. Mwaka 2009 Muhimbili, UNICEF na kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa walifanya utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, wakiwahoji vijana wa miaka 13 hadi 24. Ripoti ilipotoka mwaka 2011, nchi ilisoma kwamba karibu wasichana 3 katika kila 10 walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18, na kwamba karibu robo tatu ya wasichana na wavulana walikuwa wamepigwa ngumi, mateke au mijeledi. Baada ya hapo mtu hakuweza tena kusema watoto wetu hawana msongo wa mawazo.

Dodoma ilikuwa tayari kupokea kazi ya kuwasoma watoto hao, kwa sababu ilikuwa imepata chuo. Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) kilianzishwa mwaka 2007, ukumbi wa Chimwaga wa CCM ukiwa sehemu ya mwanzo wake, ng'ambo ya mji kutoka Mirembe. Kwa mara ya kwanza hospitali kongwe ya akili ikawa na jirani mwenye maktaba, wahadhiri na wanafunzi wanaotafuta mada. Shule ya tiba ya chuo hicho ina idara ya magonjwa ya akili. Kwa Mtanzania aliyetaka kujikita kwa watoto, njia iliyozoeleka imekuwa ya kuzunguka: unasomea magonjwa ya akili kwa jumla, au tiba ya watoto, uuguzi, saikolojia, halafu kwenye tasnifu unajichagulia watoto au vijana. Mtoto ameingia chuoni kupitia sura ya nne ya tasnifu za watu, ile ya matokeo.

Si njia mbaya. Utafiti wa pamoja wa nchi sita za Afrika uliowahoji vijana wa miaka 10 hadi 19 uliihusisha Dodoma pamoja na Dar es Salaam, na makala yake kuhusu dalili za sonona na mawazo ya kujiua, iliyotoka mwaka 2020, iliandikwa kwanza na Azan Nyundo wa UDOM. Anayesoma makala kama hiyo ofisini haoni shida iliyo nyuma ya dodoso. Kijana wa chini ya miaka 18 huhitaji ridhaa ya mzazi na yake mwenyewe. Mahojiano yanataka faragha, na nyumba ya tembe haina chumba cha ziada, kwa hiyo mnakwenda kukaa chini ya mbuyu, ambako kila mpita njia anasimama kusalimia. Kisha linafika swali la kujiua. Kijana akijibu ndiyo, mtafiti ana wajibu wa kumpeleka kwa mtaalamu siku hiyohiyo. Mtaalamu yuko wapi? Aghalabu jibu ni jina lilelile la vijiweni, na mzazi akilisikia anasema mwanangu si chizi, asante, tutaombea nyumbani.

Ndiyo maana nadhani hoja ya kujenga wodi nyingine si ya kwanza. Ibadan, Nigeria, walianza na walimu. Mwaka 2011, kwa fedha za wakfu wa MacArthur, chuo kikuu cha huko kilianzisha kituo cha afya ya akili ya watoto na vijana, na mwaka 2013 kikapokea kundi la kwanza la shahada ya uzamili. Aliyekiongoza ni Profesa Olayinka Omigbodun, ambaye kati ya 2010 na 2014 alikuwa rais wa chama cha dunia cha fani hiyo. Milango haikufunguliwa kwa madaktari tu: wauguzi, walimu na maofisa ustawi wa jamii nao waliingia darasani, na wanafunzi walitoka nchi kadhaa za Afrika.

Kwa nini mwalimu wa shule asome shahada hiyo? Jibu liko Moshi. Watafiti wa Kimarekani na Kitanzania, pamoja na wenzao wa Bungoma, Kenya, walichukua watu wa kawaida wasio wataalamu wa akili, wakawafundisha tiba ya mazungumzo kwa watoto yatima wenye majonzi na kiwewe. Watoto 640 wa miaka 7 hadi 13 waligawanywa, wengine wapate tiba hiyo na wengine huduma ya kawaida. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha nafuu iliyo wazi katika maeneo matatu kati ya manne, Moshi mjini ikiwamo. Washauri wale hawakuachwa peke yao: kila wiki walikuwa na msimamizi wa kuwarudisha kwenye mstari. Wilaya za Chamwino, Bahi au Kondoa zinaweza kupata washauri wa aina hiyo vijiji vyote. Msimamizi ndiye anayehitaji shahada.

Mahitaji hayasubiri. Tangu 2016 elimu bila malipo imejaza madarasa ya sekondari, na mwaka huohuo serikali ikatangaza kuhamia Dodoma, mji ukafurika familia ngeni na vijana waliobadilishwa shule katikati ya muhula. Novemba 2021 wasichana waliopata watoto waliruhusiwa kurudi masomoni, uamuzi mzuri uliowapa walimu wa malezi kazi ambayo wengi hawakufundishwa.

Kinachoweza kuikwamisha shahada ya namna hii ni muundo wa utumishi, karatasi ambayo wanafunzi wachache huisoma kabla ya kujiunga. Muuguzi wa Kongwa akirudi na uzamili wa afya ya akili ya watoto, atapangiwa wodi gani, kwa cheo gani, na nani atamlipia mafuta ya pikipiki ya kuzungukia shule? Hilo ni la Wizara ya Afya, Utumishi na TAMISEMI kukaa mezani pamoja, na siku hizi kuzifikia zote tatu ukitoka Mirembe hakuhitaji kupanda treni.