Jiko la Mkaa na Sera Yetu ya Sayansi

Nchi tajiri zinanasa hewa ya ukaa viwandani na kuifukia ardhini. Sisi tujiulize kwanza: ukaa wetu uko wapi? Sehemu kubwa imo mitini, na Dar es Salaam imeichoma jikoni kwa miaka mingi. Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi ni shahidi.

Dola ilijenga vyombo: Baraza la Taifa la Utafiti wa Sayansi mwaka 1968, SIDO mwaka 1973, Tume ya Sayansi na Teknolojia mwaka 1986. Vilikuwa vya lazima. Lakini fundi bati wa Kariakoo na Gerezani, mvujajasho anayegeuza mabati chakavu kuwa majiko, nani alimhesabu kuwa mgunduzi? Mwishoni mwa miaka ya 1980 ndipo mradi wa Jiko Bora ulipowafuata mafundi. Jiko la bati lenye udongo ndani, ambalo Nairobi walikwisha kulizoea, likaingia sokoni. Udongo hutunza joto. Mkaa unaohitajika hupungua.

Mkakati wa mwaka 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Lengo ni sahihi. Ila gesi ya mitungi huagizwa kutoka nje. Je, katika mapinduzi haya ya jikoni, fundi wa Gerezani atatengeneza nini?