Uonevu: Istilahi na Mipaka Yake katika Shule ya Msingi

Katika saikolojia ya elimu, uonevu ni istilahi yenye mipaka, ingawa katika mazungumzo ya kila siku huchanganywa na uchokozi, utani na ugomvi. Dan Olweus, mwanasaikolojia aliyefanya kazi kwa miaka mingi mjini Bergen, Norwe, aliutambua kwa sifa tatu: tendo hukusudiwa kumdhuru mtu, hurudiwa mara kwa mara, na anayetendewa hana nguvu za kutosha za kujitetea. Wavulana watatu walipojiua kaskazini mwa nchi hiyo mwaka 1982, serikali ilianzisha mwaka uliofuata kampeni ya kitaifa iliyojengwa juu ya utafiti wake.

Kabla ya hapo, daktari Peter-Paul Heinemann wa Uswidi alikuwa amelieleza jambo hili kwa neno lililobeba picha ya kundi linalomvamia mtu mmoja, na Olweus alilikosoa kwa sababu lilimficha mwonevu binafsi ndani ya umati. Kiswahili hakina tatizo hilo, kwa kuwa kitenzi onea hakihitaji umati wala ngumi, bali hutaka awepo mwenye uwezo na asiye nao. Kwa hiyo uonevu unafaa kuliko unyanyasaji, ambao huenea hadi kwenye ndoa na kazini, na kuliko uchokozi, ambao hata mdogo aweza kumfanyia mkubwa. Kisichobebwa na neno lenyewe ni ile sifa ya kurudiwa, na anayelitumia kitaaluma hana budi kuiongeza katika maelezo yake.

Chukua mfano: Mutomo, kusini mwa Kaunti ya Kitui nchini Kenya, ni eneo kame, na katika shule za maeneo kama hayo wanafunzi huombwa mara nyingi kuja na maji kutoka nyumbani. Mwanafunzi wa Gredi 6 anaposubiri njiani, akamnyang'anya wa Gredi 2 mtungi wake wa lita 5 na kumimina nusu katika wa kwake, mdogo hufika shuleni na maji pungufu, huulizwa na mwalimu wa zamu, kisha hunyamaza, kwa maana jioni atarudi kwa njia ile ile. Kesho yake mambo huwa yale yale. Hakuna aliyepigwa wala kutukanwa, lakini sifa zote tatu zimetimia. Tofauti ya umri nayo imepanuka tangu sekondari ya msingi ilipowekwa katika shule za msingi mwaka 2023, hata mtoto wa chekechea na kijana wa Gredi 9 wakawa na uwanja mmoja.

Mipaka ya istilahi huamua pia namna ya kukinga. Wagombanao kwa nguvu sawa wanaweza kupatanishwa na kupeana mikono, lakini mwonewa akilazimishwa kumpa mkono mwonevu wake mbele ya darasa, huambiwa kwa vitendo kwamba makosa yamegawanywa nusu kwa nusu, jambo ambalo ni dhuluma ya pili. Kumchapa mwonevu nako hakufai: Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, kifungu cha 36, inakataza adhabu ya kikatili au ya kudhalilisha, iwe ya mwili au ya akili, na fimbo humthibitishia mtoto kwamba mwenye nguvu ndiye mwenye haki.

Kinga yenye tija zaidi huwalenga wanaotazama. Christina Salmivalli na wenzake, nchini Ufini, walionyesha mwaka 1996 kwamba karibu kila mtoto darasani ana nafasi yake katika uonevu: yupo msaidizi wa mwonevu, mshangiliaji, mtetezi, na yule anayejitenga kimya. Mshangiliaji akiacha kucheka, mwonevu hupoteza hadhi aliyokuwa akiitafuta. Huko Mutomo, ambako sehemu kubwa ya hadhira hiyo iko njiani na si darasani, Bodi ya Usimamizi ya shule na wazazi wanaweza kupanga watoto wa kijiji kimoja watembee pamoja na wakubwa waliokubaliwa, na mwalimu wa zamu akapokea maji ya kikundi kizima badala ya kukagua mtungi wa mtoto mmoja mmoja. Mtoto anayeogopa kusema shuleni naye afundishwe nambari 116 ya simu ya msaada kwa watoto, ambayo hupigwa bila malipo nchini Kenya.