Fukushima: Kwa nini familia bado zina hofu miaka mingi baada ya ajali ya nyuklia?

Ukitaja Fukushima, wengi wanakumbuka picha za moshi ukitoka kwenye mtambo wa nyuklia. Picha hizo zilitawala televisheni kwa wiki kadhaa mwaka 2011, kisha dunia ikaendelea na mambo yake.

Kwa familia zilizoishi jirani na mtambo huo, mambo hayakuishia hapo. Kwa miaka sasa zimekuwa zikijiuliza: mtoto acheze nje au abaki ndani? Mboga za bustani ya bibi zinalika? Turudi nyumbani au tuanze upya kwingine?

Haya ndiyo mambo ya kujua kuhusu maisha yao tangu siku ile.

Nini kilitokea?

Tarehe 11 Machi 2011, saa 8:46 mchana kwa saa za Japani, tetemeko la ukubwa wa 9.0 lilitokea chini ya bahari, kaskazini mashariki mwa nchi hiyo. Haikupita saa moja, tsunami ya takriban mita 14 ikaufikia mtambo wa Fukushima Daiichi, unaomilikiwa na kampuni ya TEPCO.

Maji yaliharibu jenereta za dharura. Bila umeme, mitambo ya kupoza vinu ilishindwa kufanya kazi. Vinu vitatu vikapata joto kupita kiasi na fueli ya nyuklia iliyokuwa ndani ikayeyuka. Ikafuata milipuko ya gesi ya haidrojeni, na mionzi ikasambaa nje.

Ajali hiyo ilipewa daraja la 7, la juu kabisa kimataifa. Ajali nyingine pekee iliyowahi kupewa daraja hilo ni ya Chernobyl, mwaka 1986.

Familia ziliondoka vipi?

Ziliondoka haraka, tena bila taarifa za kutosha. Usiku wa siku ya kwanza, serikali iliwaamuru watu walio ndani ya kilomita 3 waondoke. Asubuhi zikawa kilomita 10. Kufika jioni ya tarehe 12 Machi, zilikuwa kilomita 20.

Wengi walidhani wanaondoka kwa siku mbili tatu tu. Walitoka na nguo walizovaa, na wafugaji wakaacha ng'ombe zizini. Baadaye idadi ya waliohama makwao katika mkoa wa Fukushima ilizidi watu 160,000.

Wakazi wengi wa mji wa Namie walikimbilia Tsushima, eneo la milimani upande wa kaskazini magharibi, wakiamini wamefika salama. Kumbe upepo ulikuwa ukipeleka mionzi huko huko. Serikali ilikuwa na mfumo wa kompyuta unaokadiria mionzi inaelekea wapi, lakini makadirio hayo hayakuwafikia wananchi kwa wakati.

Hapo ndipo imani ilipovunjika. Mzazi aliyempeleka mtoto wake kwenye mionzi kwa sababu hakuambiwa ukweli, kesho utamwambia nini akuamini?

Je, mionzi imeua watu?

Jibu linawashangaza wengi. Kamati ya Kisayansi ya Umoja wa Mataifa kuhusu athari za mionzi, UNSCEAR, ilisema mwaka 2021 kwamba hakuna madhara ya kiafya kwa wakazi wa Fukushima yaliyothibitishwa kusababishwa moja kwa moja na mionzi ya ajali hiyo. Kwa upande wa wafanyakazi wa mtambo, mwaka 2018 serikali ya Japani ilikubali kwamba kifo cha mmoja wao kwa saratani ya mapafu kilihusiana na mionzi.

Lakini kuhama kwenyewe kumeua. Zaidi ya watu 2,300 mkoani humo wamerekodiwa kufa kwa sababu zinazohusiana na janga na maisha ya ukimbizini: uchovu wa safari, kukosa matibabu, msongo wa mawazo, wengine kujiua. Idadi hiyo imepita ya waliouawa na tetemeko na tsunami zenyewe katika mkoa huo, ambao ni takriban 1,600.

Wazee ndio walioumia zaidi. Zaidi ya wagonjwa 40 wa hospitali moja katika mji wa Okuma walifariki wakati wa kuhamishwa na baada yake.

Kwa nini basi wazazi bado wana wasiwasi?

Sababu kubwa ni tezi ya thairoidi, iliyopo shingoni. Mtoto akivuta au kula iodini yenye mionzi, inajikusanya kwenye tezi hiyo na inaweza kuleta saratani. Baada ya Chernobyl, maelfu ya watu waliokuwa watoto wakati wa ajali walipata saratani hiyo, hasa kwa sababu ya kunywa maziwa yaliyochafuliwa.

Fukushima ilianzisha upimaji kwa wote waliokuwa na umri wa miaka 18 au chini yake wakati wa ajali. Ni vijana wapatao 380,000. Mamia wamekutwa na saratani ya thairoidi au dalili zake.

Wataalamu wa UNSCEAR wanasema idadi imekuwa kubwa kwa sababu vipimo hivyo vinaona hata uvimbe mdogo sana, ambao kwa kawaida usingegundulika. Baadhi ya familia hazikubali maelezo hayo. Januari 2022, vijana 6 waliougua saratani hiyo waliishtaki TEPCO mahakamani Tokyo.

Kwa mzazi, huo ni mtihani mgumu. Ukimpima mtoto, unaweza kugundua kitu kisichokuwa na madhara na akaishia kufanyiwa upasuaji. Usipompima, hulali.

Maisha ya kila siku yalibadilika vipi?

Kwanza, chakula. Tangu Aprili 2012, kikomo cha seziamu yenye mionzi katika vyakula vya kawaida Japani ni bekereli 100 kwa kilo. Kwa miaka kadhaa, kila gunia la mchele wa Fukushima lilipimwa, zaidi ya magunia milioni 10 kwa mwaka. Mchele ulipita, lakini uyoga wa porini na nyama ya nguruwe mwitu bado vina vizuizi katika baadhi ya maeneo.

Pili, watoto. Katika mji wa Koriyama, nje kabisa ya eneo lililohamishwa, shule ziliweka kikomo cha saa za watoto kuwa nje. Desemba 2011 mji huo ukafungua uwanja mkubwa wa michezo wa ndani ili watoto wapate pa kukimbia.

Tatu, ndoa na familia. Akina mama wengi waliwachukua watoto na kwenda mikoa ya mbali, huku akina baba wakibaki kazini. Mmoja anaona hatari, mwingine anaona hofu imezidi. Nyumba nyingine zilivunjika kwa mabishano hayo.

Nne, unyanyapaa. Watoto waliohamia shule za mikoa mingine walitaniwa kuwa wana "vijidudu" vya mionzi. Wengine walidaiwa pesa na wenzao, eti wazazi wao wamelipwa fidia.

Akili nayo haikubaki salama. Katika uchunguzi wa kwanza wa afya baada ya ajali, asilimia 14.6 ya watu wazima waliohamishwa walikuwa na msongo mkali, wakati kawaida nchini humo ni takriban asilimia 3.

Fidia imesaidia?

Imesaidia, ila si kwa usawa. Waliohamishwa kwa amri walilipwa yen 100,000 kwa mwezi kila mmoja kwa mateso ya kisaikolojia, mbali na fidia ya mali. Waliohama kwa uamuzi wao, kwa sababu walikuwa nje ya mpaka wa amri, walipata kidogo sana. Machi 2017 mkoa ukasitisha kuwapa makazi ya bure.

Yaani mstari kwenye ramani ndio uliogawanya majirani. Juni 2022, Mahakama ya Juu ya Japani iliamua kuwa serikali haiwajibiki kulipa waathirika, na mzigo ukabaki kwa TEPCO.

Je, wanaweza kurudi?

Wengi wanaruhusiwa. Naraha ilifunguliwa mwaka 2015, sehemu za Namie na Iitate mwaka 2017, na Futaba ikawa mji wa mwisho kupokea wakazi, Agosti 2022. Bado yapo maeneo yaliyofungwa.

Lakini kuruhusiwa ni jambo moja, kurudi ni lingine. Serikali iliweka kikomo cha kurudi kuwa milisiveti 20 kwa mwaka, wakati kiwango cha kawaida kwa raia kimataifa ni 1. Serikali inasema ni salama na lengo la muda mrefu ni kushuka hadi 1. Wazazi wengi walisikia namba moja tu: mara 20.

Wengi waliorudi ni wazee. Vijana wameshapata kazi na shule kwingine.

Nini kinawasaidia wasioamini?

Kupima wenyewe. Katika mji wa Iwaki, akina mama walianzisha maabara iitwayo Tarachine mwaka 2011, ambako watu hupeleka chakula, maji na udongo vipimwe. Kwa mtu aliyefichwa taarifa, namba aliyoiona kwa macho yake ina uzito kuliko tangazo la redioni.

Kazi ya mtambo nayo ni ndefu. Takriban tani 880 za fueli iliyoyeyuka bado zimo ndani ya vinu. Mwaka 2024 ilitolewa sampuli ya kwanza, isiyofika hata gramu moja. Udongo uliokwanguliwa mashambani na majumbani umehifadhiwa Okuma na Futaba, na sheria inataka uwe umeondolewa mkoani kufikia mwaka 2045.

Mtoto aliyezaliwa mwezi wa ajali atatimiza miaka 30 mwaka 2041. Wakati huo, seziamu-137 iliyomwagika itakuwa imepungua yenyewe kwa nusu tu.