Sonona, Umeme na Paji la Uso

Mwaka 1953, huko Geneva, Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu cha daktari mmoja wa kikoloni, J. C. Carothers, kuhusu akili ya Mwafrika akiwa mzima na akiwa mgonjwa. Mwaka huohuo, hapa Pugu, katika shule ya Mtakatifu Fransisko, alikuwapo mwalimu aliyekuwa ametoka kusoma Edinburgh, Julius Nyerere. Aprili mwaka huo alichaguliwa rais wa TAA, na Julai 1954 ikazaliwa TANU. Mimi ni mkazi wa Pugu, na kila nikipita karibu na shule ile huyafikiria mambo haya mawili kwa pamoja.

Carothers alisimamia hospitali ya Mathari, Nairobi, kuanzia 1938 hadi 1950. Alikuwa daktari wa kawaida, hakuja pale kama bingwa wa magonjwa ya akili. Hoja yake kubwa ilikuwa kwamba Mwafrika haitumii sana sehemu ya mbele ya ubongo, ile iliyo nyuma ya paji la uso. Katika makala ya 1951 alimfananisha Mwafrika mzima na Mzungu aliyefanyiwa upasuaji wa kukata nyuzi za sehemu hiyo. Alidai pia kwamba sonona ni nadra kwa Mwafrika, kwa kuwa eti habebi mzigo wa kujilaumu.

Alijuaje? Aliangalia waliofikishwa Mathari. Hebu tujiulize, nani alikuwa akipelekwa kule? Ni yule anayepiga kelele, anayevunja vyombo, anayewasumbua majirani mpaka polisi waitwe. Mama aliyeacha kula, haamki, hasemi na mtu, huyo alibaki nyumbani. Wengine walisema ni mvivu, wengine wakasema karogwa. Kwa kuwa hayumo kwenye daftari, ikaandikwa kwamba hayupo.

Walipokuja watafiti waliotoka ofisini na kwenda vijijini, mambo yakageuka. Nchini Nigeria, Adeoye Lambo na wenzake walichapisha mwaka 1963 utafiti wao kwa Wayoruba: dalili za sonona zilikuwapo tele. Mwaka 1979, John Orley na John Wing walionesha kwamba wanawake wa vijiji viwili vya Uganda walikuwa na sonona nyingi kuliko wanawake wa Camberwell, London.

Sasa tuje kwenye umeme. Fundi simu mmoja wa huku kwetu alinionesha video: kijana kajifunga betri ya volti 9 kichwani, na vipande viwili vya sponji iliyolowekwa maji ya chumvi, ili eti kumbukumbu ipande kabla ya mtihani. Akaniuliza, "Mwalimu, hii kitu ni kweli?"

Jambo lenyewe ni la zamani. Katika karne ya kwanza, tabibu wa Kirumi Scribonius Largus alitibu maumivu ya kichwa kwa kumwekea mgonjwa samaki mwenye umeme, wa jamii ya taa. (Kiswahili nacho kina utani wake: samaki ni taa, na kinachowaka ukutani ni taa.) Mwaka 1801, Giovanni Aldini wa Bologna alitumia betri ya Volta kumtibu mkulima mwenye huzuni kuu, Luigi Lanzarini. Mwaka 1938, Cerletti na Bini wa Roma walianza kutumia mshtuko wa umeme unaoleta degedege, mwaka uleule Carothers alipokabidhiwa Mathari.

Hiki cha video ni kingine. Umeme wake ni hafifu mno, miliampia 1 au 2 kwa dakika 20 au 30, na mtu yuko macho, anaongea. Umaarufu wake wa sasa ulianza mwaka 2000, Nitsche na Paulus walipoonesha huko Göttingen kwamba umeme mdogo hivyo unaweza kubadili wepesi wa ubongo kuitikia. Na kwa mgonjwa wa sonona, sponji huwekwa wapi? Kwenye paji la uso. Yaani palepale Carothers aliposema kwetu pamelala.

Je, unasaidia? Jibu halijatulia. Nchini Brazili, mwaka 2017, majaribio kwa watu 245 yalishindwa kuthibitisha kwamba unalingana na dawa ya escitalopram, ingawa ulishinda matibabu ya uongo. Nchini Ujerumani, mwaka 2023, haukuyashinda hata hayo. Mwaka 2024, wagonjwa 174 wa Uingereza na Marekani waliojitibu nyumbani huku wakifuatiliwa kwa video walipata nafuu kuliko waliopewa kifaa kisichofanya kazi. Kuhusu kumbukumbu za watu wazima wa afya, matokeo yanapingana. Nikamwambia fundi: betri ya kuunga mwenyewe itakuunguza ngozi kabla haijakupa akili.

Ila wasiwasi wangu hasa haupo kwenye betri. Kifaa kitakuja, kama simu zilivyokuja. Kikifika, kitamkuta nani? Kwenye daladala na misibani bado nasikia, "Sonona ni ugonjwa wa Wazungu." Na jina la Mirembe, hospitali ya Dodoma, bado tunalitumia kumtukania mtu, maana na sisi tunamhesabu mgonjwa yule anayepiga kelele tu. Msemaji hudhani anaitetea Afrika. Hajui kwamba anarudia kauli iliyopigwa chapa Geneva mwaka 1953, kauli ambayo mwandishi wake aliitoa kutudharau.

Mashahidi wengine tunao mdomoni. Huzuni, simanzi, majonzi, jitimai. Na kusononeka, kitenzi ambacho mabibi zetu hawakufundishwa na daktari yeyote. Watu hawaliundii neno umivu wasilolijua.